Tunakwenda Tukuyu kila Juni, sasa tunataka kuhamia: tuuze nyumba ya Dar?

"Shikamoo. Sisi ni familia ya watu sita, tunaishi Tabata, Dar es Salaam: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Kwa miaka sita mfululizo, shule zikifungwa mwezi wa sita, tunakwenda Tukuyu wiki mbili. Tumepapenda mno. Binti yetu mkubwa yuko kidato cha tatu, wa pili yuko darasa la pili, na mdogo ana miaka minne na ana pumu. Tukiwa Tukuyu hajawahi kubanwa kifua hata siku moja. Mume wangu ameajiriwa kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, anashinda bandarini. Mimi nashona sare za shule nyumbani. Tumeonyeshwa shamba la ekari mbili lenye miche ya parachichi, na mwenyeji wetu anasema tukilipa mapema mwenyekiti wa kijiji atatugongea muhuri na kila kitu kitakuwa halali. Tunafikiria kuuza nyumba ya Tabata na kuhama Januari. Mume wangu anaamini kazi yake nyingi inaweza kufanyika kwa simu. Mama mkwe hataki hata kusikia. Mume anasema nikikubali mimi, tunaondoka. Huu ni uamuzi wa watu wazima au ni wazimu wa likizo?"

Marahaba, dada. Wazimu si neno lake. Nashauri familia hapa Mbeya juu ya mambo ya kaya na kipato, na wapo watu wa Dar waliohamia huku ambao huwezi kuwarudisha hata kwa kuwalipa. Wapo pia waliorudi kabla ya mwaka kwisha, nyumba ya mjini imeshauzwa, wakaanza tena kupanga vyumba viwili Mbagala. Wote walipapenda walipohamia. Kilichowatenganisha, kwa ninavyoona mimi, ni kwamba wa kwanza walijua pesa ya kila mwezi itatoka wapi kabla ya kufunga mizigo, na wa pili walitumaini itapatikana. Barua yako inaeleza hewa na shamba vizuri sana, lakini kipato cha mumeo umekipa sentensi moja. Nitakirudia, kwa sababu ndicho kitakachoamua.

Kwanza tuizungumzie hiyo Juni. Juni ya Tukuyu ni nzuri, sitakudanganya. Mvua zimekwisha, migomba bado imejaa maji, mashamba ya chai ya Katumba yanang'aa, asubuhi kuna ukungu na mchana kajua kadogo. Mnapanda kwenda Ziwa Ngozi, mnashuka Daraja la Mungu na Kaporogwe, mnarudi mnakuta maziwa ya moto. Lakini Rungwe, wilaya yenye Tukuyu, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Mei. Machi na Aprili ndizo kilele chake. Ni miezi ambayo nguo hukaa kwenye kamba wiki nzima bila kukauka, viatu vinaota ukungu chini ya kitanda, na bodaboda anakwambia ushukie hapo chini umalizie mlima kwa miguu. Mvua hiyohiyo ndiyo inayowapa kijani mnachokipenda Juni. Ila nyinyi mmekuwa mkifika ikiwa imeshamaliza kazi yake.

Halafu kuna likizo yenyewe. Kwa wiki mbili mumeo hana foleni wala simu ya bosi, watoto hawana kazi za shule, anapika mtu mwingine, na mnatumia pesa mliyoiweka akiba mwaka mzima. Mambo hayo yangewapa furaha hata kama mngekwenda Lushoto au Bagamoyo. Akili inapokumbuka haiyatenganishi. Yote inayabandika jina moja, Tukuyu.

Wataalamu wa saikolojia wameuchunguza mtego huu. Mwaka 1998 David Schkade na Daniel Kahneman walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya California, kwenye jua na hali ya hewa nzuri, na wa majimbo ya kati ya Marekani, ambako baridi ni kali. Walipoulizwa wanaridhika kiasi gani na maisha yao wenyewe, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Walipoulizwa juu ya mtu kama wao anayeishi upande wa pili, wote, hata wale wa kwenye baridi, walidhani wa California ameridhika zaidi. Maelezo yake ni kwamba tukifikiria kuhama, macho yanaganda kwenye kile kinachotofautiana baina ya mahali na mahali, kama hewa na mandhari. Ada, uchovu, ugomvi mdogo wa mume na mke kuhusu ndugu, sukari ya bibi, hivyo hatuvioni kwa sababu viko pande zote mbili. Kumbe ndivyo vinavyojaza siku, na siku ya kuhama vitapanda basi lilelile na nyinyi.

Sisemi kwamba mahali hapabadilishi kitu. Kuna kero ambazo binadamu hazizoei, na ya kwanza kwangu ni foleni. Kama mumeo anatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi watoto wamelala, kumwondoa kwenye hali hiyo ni faida ya kweli itakayodumu, si msisimko wa wiki mbili. Kwa hiyo fanyeni zoezi hili, kila mtu peke yake kabla ya kusomeana: andikeni mambo mliyoyapenda zaidi Tukuyu, kisha futeni kila lililowezekana kwa sababu hakuna aliyekuwa akifanya kazi. Yatakayobaki ndiyo ya Tukuyu yenyewe. Na kama yaliyobaki mengi yanahusu kuondoka Dar, huenda mnachohitaji ni kuhama mtaa au kubadili kazi, na hilo halina haja ya kilomita mia nane.

Sasa mtoto wa pumu, kwa sababu hapo naona ndipo moyo wako ulipo. Wengi wanaamini hewa ya mlimani inaponya pumu. Haiponyi. Pumu ni njia za hewa zilizo na uvimbe wa muda mrefu, na zinabana zikikutana na kichochezi. Kwenye likizo mwanao ameondolewa baadhi ya vichochezi vyake: vumbi, moshi wa magari, pengine godoro la zamani la nyumbani. Na ni kweli kwamba sehemu za juu zenye hewa kavu, wale wadudu wadogo wa vumbi la kitandani hupungua. Lakini Tukuyu si kavu. Unyevu wa miezi ya mvua unaleta kuvu kwenye kuta na magodoro, na kuvu ni kichochezi kikubwa. Hewa ya baridi ni kichochezi kingine. Moshi wa kuni, ambao hapa uko karibu kila jiko, ni wa tatu. Inawezekana kabisa akapata nafuu, na inawezekana akawa mzuri Juni na mbaya Aprili. Kwa barua hakuna anayeweza kukuhakikishia. Mpeleke kwa daktari anayemtibu sasa, mwambie mpango wenu, akuandikie dawa ya kuzuia na utaratibu wa siku ya kubanwa. Huku daktari wa watoto mtafute Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na mujue mapema kutoka nyumba mnayoitaka hadi hospitali ya wilaya Makandana ni dakika ngapi, usiku, mvua ikinyesha. Dawa ya kuvuta isikatishwe kwa kuwa "huku anapumua vizuri".

Niongeze jambo ambalo watu wa pwani hawaambiwi. Baridi ikiwazidi, msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga madirisha, hata kwa nusu saa. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu analala asiamke. Huku nyanda za juu familia zimepotea hivyo. Nunueni blanketi nzito.

Turudi kwenye kazi. Wakala wa forodha anayedhani atafanya kazi kwa simu anajidanganya kidogo. Nyaraka ndiyo, siku hizi ziko kwenye mifumo ya kompyuta. Lakini mwajiri anamlipa yule anayeweza kusimama mbele ya ofisa mzigo ukikwama, na bandari haiko Tukuyu. Baada ya miezi michache kazi zake zitaanza kwenda kwa aliye karibu. Hata hivyo ujuzi wake una soko huku kuliko anavyodhani, na nashangaa kwamba hamkuutaja. Mzigo wa Zambia, Kongo na Malawi ukitoka bandarini kwa barabara unapita hapa. Tunduma ni moja ya mipaka yenye malori mengi nchini, Kasumulu ni lango la kuingia Malawi, na hapa Mbeya kuna Malawi Cargo, kituo cha mizigo ya Malawi. Kampuni nyingi za Dar zina watu wao mpakani. Basi kabla hajazungumza na mwenye shamba, azungumze na mwajiri wake: je, kuna nafasi Kasumulu au Tunduma? Kwa mshahara gani?

Jibu lake litabadilisha ramani yote. Kutoka Tukuyu kushuka Kasumulu mtu anaweza kwenda na kurudi, ingawa huko chini Kyela ni joto na malaria ni nyingi kuliko juu, chandarua si cha kuacha. Kutoka Tukuyu kwenda Tunduma kila siku haiwezekani: unapanda hadi Uyole, pembeni mwa Mbeya mjini, kisha unapambana na malori zaidi ya kilomita mia moja. Akipata Tunduma, hapo mtakuwa mmehamia Tukuyu ili baba awe mgeni wa Jumamosi. Familia nyingine zinalimudu hilo. Nyinyi jiulizeni kwanza kama ndoa yenu na watoto wenu watalimudu.

Kwako wewe mambo si mabaya. Sare zinavaliwa kila mahali, na fundi anayemaliza kazi kwa wakati hakosi wateja. Ila mafundi wapo Tukuyu na shule zina watu wao, na hapa pesa za wazazi zinafuata chai, ndizi, viazi na parachichi. Kuna miezi mteja anachukua sare na kulipa kwa ahadi. Fika uongee na walimu wakuu wawili watatu kabla hujapakia vyerehani.

Na parachichi msizihesabu. Mche wa parachichi aina ya Hass uliopandikizwa huanza kuonyesha matunda mwaka wa tatu hivi, na mavuno ya kuitwa mavuno yanakuja baadaye. Katikati ya hapo ni palizi, mbolea, dawa na mtu wa kuangalia. Mnunuzi wa kusafirisha nje anachagua kwa ukubwa na usafi wa tunda, yanayobaki unauza sokoni kwa bei ya soko. Ekari mbili ni nyongeza nzuri kwa mtu mwenye kipato kingine. Kwa familia ya watu sita isiyo na kipato kingine, ni njaa yenye mandhari nzuri.

Kuhusu muhuri wa mwenyekiti, hapo simameni kabisa. Ardhi ya kijiji inasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na msimamizi ni halmashauri ya kijiji, chombo chenye wajumbe, ambacho hakigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Muhuri wa mtu mmoja kwenye karatasi ya mauziano hauwalindi. Unyakyusani pia shamba mara nyingi ni la ukoo: muuzaji anaweza kuwa anauza kwa nia njema, lakini mkewe, kaka zake na watoto wa marehemu kaka yake wakawa na maneno. Kaeni nao wote. Pitieni mipaka mkiwa na majirani. Ulizeni ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe kama eneo limepimwa na kama lina mgogoro, na mkifikia kulipa tafuteni wakili asiyeletwa na muuzaji wala mwenyeji wenu. Anayewaharakisha mlipe mapema, kwake ndipo mchukue muda zaidi. Iwapo shamba liko kando ya mto, na Rungwe mito ni mingi, kumbukeni kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo. Ekari mbili zinaweza kuwa moja.

Nyumba ya Tabata msiuze. Hili nalisema bila kupepesa. Mkiipangisha, kodi yake italipia nyumba ya kupanga Tukuyu na pengine kubakiza kitu, na mlango wa kurudi unabaki wazi. Mkiuza, pesa itagawanyika kwenye shamba, gari na kujenga, na miaka mitatu baadaye haitanunua hata kiwanja pale mlipotoka. Mumeo anaposema "ukikubali wewe", sheria iko pamoja naye: chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nyumba ya familia haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hata hati ikiwa na jina moja. Kwa hiyo usisaini kwa sababu ya amani tu.

Binti wa kidato cha tatu ndiye anayenifanya nikatae Januari. Januari anaingia kidato cha nne. Ni mwaka wa usajili wa mtihani wa taifa, walimu wanaomjua, na marafiki anaosoma nao usiku. Kumhamisha hapo ni kumtoza yeye gharama ya ndoto yenu. Kumwacha kwa shangazi au bweni kunawezekana, lakini kwa nini muanze maisha mapya mkiwa pungufu mtu mmoja? Wa darasa la pili atazoea haraka. Uhamisho wake upitie kwa walimu wakuu wa pande zote mbili ili kumbukumbu zake na namba yake ya utambulisho wa mwanafunzi (PREM) zihame naye.

Mama mkwe. Umeandika kwamba hataki kusikia, hukuandika kwa nini. Aulizwe, na amuulize mwanawe, si wewe. Mzee akihamishwa anapoteza kanisa au msikiti wake, jirani wa kupiga naye soga, na njia ya kliniki anayoijua kwa miguu yake. Kama ana presha, baridi inaweza kuipandisha, kwa hiyo daktari wake naye aulizwe. Yeye pia anajua jambo ambalo nyinyi hamjalionja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na nyinyi jembe hamjapewa bado. Mkazi wa Rungwe anahudhuria misiba, tena si kwa dakika kumi. Anachanga, anakaa, anabeba maji. Usipoonekana mara mbili, mara ya tatu wataona ndivyo ulivyo. Hilo ni gharama ya muda, na pia ndilo litakalowafanya mpate watu. Familia zinazokuja zikajifungia nyuma ya geti ndizo zinazonililia upweke.

Kwa hiyo ningekuwa kwenye viatu vyenu, ningelenga Desemba ya mwakani, binti akishamaliza mtihani wa Novemba. Mwaka huo usipite bure. Mumeo afuatilie mpaka, aende Kasumulu wiki moja akaone kazi yenyewe. Wewe na mdogo mje Machi au Aprili, mpange nyumba ya kawaida badala ya kukaa kwa mwenyeji, upike, uende sokoni, umpeleke mtoto kliniki mara moja, na uandike kila shilingi. Mama mkwe aalikwe, asiburutwe. Shamba, kama bado lipo na wenyewe wamekubaliana, linaweza kukodiwa msimu mmoja kwanza.

Na msiitupe Mbeya mjini. Najua siyo mliyoiota. Lakini mvua ni kidogo kuliko Rungwe, ingawa usiku wa Julai ni baridi zaidi. Shule ni nyingi, hospitali ya rufaa iko jirani, kazi za mizigo zipo, uwanja wa ndege wa Songwe haupo mbali, na Tukuyu ni kama kilomita sabini. Mkikaa Uyole mnaweza kwenda huko Jumamosi moja kila mwezi mkarudi Jumapili, na ikabaki kuwa mahali mnapopapenda. Familia nyingi zilizonijia na swali kama lako ziliishia hapo, na sijaona zikilalamika sana, isipokuwa kuhusu vumbi la Septemba.

Ila ukiona kwamba hamu ya kuondoka ina mizizi mingine, deni mnalolikimbia, ugomvi usiozungumzwa, au mmoja wenu amechoka kiasi cha kutolala wala kula, usisubiri Machi. Tafuteni mshauri wa ndoa au daktari hukohuko Dar, mkae naye ana kwa ana, na suala la shamba liwekeni pembeni hadi mtakapomaliza hilo.